Hoteli ya baharini Dar: laki tatu ya dhamana inaenda wapi, na bahari yenyewe utaiona?

"Habari. Mwezi wa kumi na mbili natimiza miaka kumi ya ndoa, nataka nimpeleke mke wangu hoteli ya baharini hapahapa Dar tulale siku mbili. Hajawahi kulala hoteli ya hivyo, na mimi mwenyewe nimeingia kwa semina tu. Nimepiga simu hoteli moja Masaki wakaniambia chumba ni laki nne na nusu kwa usiku, nikitaka kinachoangalia bahari niongeze elfu themanini kwa usiku, halafu nikifika watashikilia laki tatu ya dhamana kwenye kadi. Bajeti yangu yote ni milioni moja na laki nne, ipo kwenye kadi ya kawaida ya benki. Jamaa yangu wa ofisini anasema nisikubali, yeye walimkata mara mbili na hela ilirudi baada ya wiki mbili, anasema huo ndo ujanja wao. Nibebe keshi? Na hiyo elfu themanini ina maana kweli? Naogopa sana kadi kukataa mbele ya mke wangu."

Kaka yangu, kwanza hongera ya miaka kumi, siyo mchezo. Mimi nimekaa risepsheni na baadaye ofisi ya bukingi kwenye hoteli za mjini na za ufukweni hapa Dar kwa miaka kumi na nne, na swali lako nimelisoma mara mbili nikaona kinachokunyima usingizi siyo bei wala bahari, ni ile sentensi yako ya mwisho. Basi naanza na kadi, bahari itasubiri, maana hata yenyewe ina saa zake kama utakavyoona.

Jamaa yako hadanganyi kuhusu alichokiona kwenye simu yake, ila amekosea alichokielewa. Ukifika na kadi ikachomekwa kwenye mashine, hoteli haijachukua laki tatu, imeiuliza benki yako "huyu mtu ana laki tatu?" na benki ikijibu anayo inaiweka pembeni, inaifungia, ili usiitumie sehemu nyingine kabla hujaondoka. Hela bado iko kwenye akaunti yako, hoteli haina hata mia, ila wewe huwezi kuigusa. Tatizo linaanza na ile meseji, kwa sababu benki nyingi zinatuma meseji ya "kadi yako imetumika" ileile moja, iwe hela imeondoka au imeshikiliwa tu, na ukiangalia salio unaona limepungua, sasa mtu yeyote mwenye akili timamu atasema nimekatwa.

Halafu inakuja siku ya kutoka, na hapa ndipo jamaa yako alipoumia. Tuseme bili yako imefika laki mbili na kumi, mpokezi ana njia mbili. Ya kwanza anarudi kwenye ileile hela iliyoshikiliwa, anaiambia benki "katika ile laki tatu nipe laki mbili na kumi, inayobaki mwachie mwenyewe", imeisha. Ya pili, mpokezi mwenye haraka au mgeni kwenye kazi anafanya mauzo mapya kabisa ya laki mbili na kumi, halafu ile laki tatu anaiachilia baadaye, au anasahau kuiachilia, inabidi isubiri mpaka muda wake uishe wenyewe kwenye mitambo ya benki. Hapo kwa siku kadhaa unakuwa na vitu viwili vinakula salio moja na wewe unaapa umeibiwa. Siku ngapi? Inategemea benki, wengine siku tatu nne, wengine hizo wiki mbili. Kwa hiyo kuna uzembe hapo, sikatai, nimeufanya mwenyewe miaka yangu ya mwanzo, Jumapili asubuhi foleni imefika mlangoni na basi la uwanja wa ndege linapiga honi, unachapa mauzo mapya mkono kwa mkono kwa sababu ni hatua mbili badala ya tano. Ila ujanja wa kula hela, hapana, ile hela hoteli haiwezi kuila kabla haijaimalizia, na ikiimalizia lazima iwe na bili.

Sasa tuweke hesabu yako mezani. Chumba laki nne na nusu, ongeza elfu themanini ya bahari, siku mbili, hiyo ni 1,060,000. Ongeza dhamana 300,000 inakuwa 1,360,000. Kwenye kadi umebaki na elfu arobaini. Yaani usiku wa kwanza tu mkikaa mgahawani mkala samaki na juisi mbili, ukatoa kadi ulipe palepale mezani, itakataa, mbele ya mke wako, na wakati huohuo una laki tatu yako imekaa imefungiwa haina kazi. Hiyo ndo aibu unayoiogopa, na inawapata watu wenye hela zao kabisa, siyo maskini.

Dawa yake: mkila, mkinywa, ukifua shati, usitoe kadi. Sema "weka kwenye bili ya chumba", unasaini, basi. Ile dhamana ipo kwa kazi hiyohiyo, kwa hiyo matumizi yenu ya siku mbili yanakaa humo ndani ya laki tatu. Jioni ya pili pita risepsheni ukiwa peke yako, omba kuona bili imefika ngapi, uikague wakati hamna foleni. Na asubuhi ya kutoka, kabla hujampa mtu kadi, tamka maneno haya: "Naomba umalizie kwenye ileile mliyoshikilia siku naingia, usifanye mauzo mapya." Mpokezi akisikia hivyo anajua anaongea na mtu anayeelewa, atatafuta karatasi ya siku ile yenye namba ya idhini na atamalizia hapo. Ondoka na risiti ya EFD, ile ya kodi, na ile karatasi ya mashine ya kadi, zote mbili, usizitupe kwenye gari.

Lakini kabla ya yote hayo kuna swali moja hujawauliza na linaweza kuvunja bajeti yako yote: hiyo laki nne na nusu ni pamoja na VAT? Uliza neno kwa neno, "pamoja na VAT na sevisi na kifungua kinywa cha watu wawili". VAT ya kawaida ni asilimia 18, na kama bei waliyokutajia haina, kwa kiwango hicho chumba chako cha laki tano na thelathini kinakuwa 625,400 kwa usiku, siku mbili ni 1,250,800, weka na dhamana umeshafika milioni moja na nusu na ushee, yaani umepita bajeti kabla hujaagiza hata maji. Wengi wanataja bei nzima siku hizi, ila mtu wa simu akiwa amezoea kuongea na makampuni anaweza kukutajia bei kavu bila nia mbaya. Wakikutajia dola pia omba shilingi, tangu Machi 2025 kuna kanuni inayokataza kutangaza bei za huduma humu ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo huwaombi upendeleo. Na uliza kama kuna bei ya mkazi, beba kitambulisho cha NIDA, hoteli nyingi wanayo ila hawaitaji usipoiuliza.

Keshi je? Inawezekana, hoteli nyingi zinapokea dhamana ya keshi wakakuandikia risiti, na faida yake ni kwamba ukitoka unarudishiwa noti zako palepale. Ubaya wake mbili. Kwanza ukitoka alfajiri mwenye kasha anaweza asiwe amefika, nimeona wageni wamekosa boti ya Zanzibar wakisubiri funguo. Pili baadhi ya hoteli, ukiweka keshi, wanafunga huduma ya kusaini kwenye chumba, kila soda unailipia hapohapo, na hapo starehe inapungua. Kulipa kwa simu ni sawa kwa chumba chenyewe, ila kwa dhamana sikushauri, maana hapo hela inakuwa imetoka kweli na kurudishiwa inabidi mtu wa uhasibu asaini, na uhasibu wikiendi hawapo.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi: nalipia chumba mapema, wiki moja au mbili kabla, kwa benki au simu, napata risiti, halafu kwenye kadi inabaki laki tatu na arobaini ya dhamana tu na keshi kidogo mfukoni ya bahashishi na bajaji. Ukifika pale mbele hamna hesabu ndefu, ni dhamana tu. Ila ukilipa mapema soma masharti ya kughairi, ulizia mwisho wa kughairi ni lini bila kukatwa.

Kitu kingine ambacho kinafanya kadi ikatae na hakihusiani na salio ni kikomo cha matumizi ya siku. Kadi nyingi zimewekewa kiwango, ukikipita mashine inasema hapana hata kama una milioni tano. Pigia benki yako siku mbili kabla, waambie tarehe fulani natumia kiasi fulani kwenye mashine ya hoteli, wapandishe. Dakika tano tu.

Na ikitokea umetoka, umefika kwako, zimepita siku kumi hela bado imefungiwa, usibishane na hoteli kwa simu, mpokezi wa zamu hiyo hakujui. Nenda tawini kwa miguu yako na zile karatasi mbili, waoneshe namba ya idhini, waombe waiachilie, na kama wanataka barua ya hoteli, hoteli inaiandika, ni barua ya mistari mitatu. Benki ikikuzungusha, Benki Kuu inapokea malalamiko ya wateja wa mabenki, ila watakuuliza kwanza kama umeshalalamika kwa maandishi kwenye benki yako, kwa hiyo andika, usiongee tu dirishani. Na kama hela imekatwa moja kwa moja kwa kitu ambacho hukutumia, hiyo siyo ya kusubiri siku kumi, ni siku hiyohiyo.

Haya, bahari.

Nilikuwa zamu asubuhi moja, hoteli ya upande wa kaskazini huko, baba mmoja katoka chumbani saa nne na taulo begani na watoto wawili na maboya yao, kafika ufukweni, kasimama, karudi risepsheni ananiuliza kwa upole kabisa, "Mama, bahari mmeipeleka wapi?" Nje kulikuwa na mchanga na majani ya bahari na kaa, na wanawake wanaokota chaza mbali kule ambako jana yake jioni alipigiwa picha maji yakiwa kiunoni. Hakuna aliyemwambia. Sisi wa pwani tunaona ni kitu cha kawaida hatukitaji.

Maji ya Dar yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya juu na chini inapita mita tatu. Kwenye ufukwe mtambarare hizo mita tatu ni mwendo mrefu wa mchanga mtupu. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hapa kwetu siku hizo maji yanapwa kabisa kama saa nne hivi asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanajaa kwenye saa nne asubuhi na yanapwa kidogo tu alasiri, bahari haiendi mbali. Kwa hiyo fungua kalenda, angalia tarehe zenu zinaangukia wapi na mwezi. Ikiwa bamvua, asubuhi tembeeni mchangani na viatu, mle taratibu, kuogelea ni saa tisa kwenda mbele, na hiyo ya jioni na maji yamejaa mpaka ukutani ndo picha ambayo mke wako ataiweka status.

Ila kuna swali kabla ya hilo: hiyo hoteli ina ufukwe? Rasi ya Msasani sehemu kubwa ni jabali la matumbawe, hoteli imekaa juu ya mwamba, bahari unaiona chini inapiga, unaogelea bwawani. Ni nzuri tu, tena upepo wake siyo wa kawaida, mradi usimwahidi mwenzio mchanga. Mchanga ni huko Kunduchi na Mbezi, au Kigamboni. Na ndani ya Masaki kwenyewe kuna pande mbili ambazo watu hawazitofautishi: ukiwa Toure Drive unatazama mashariki, jua linachomoza baharini saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa upande wa Slipway unatazama magharibi, Ghuba ya Msasani, jua linazama mbele yako na ngalawa zinapita. Kwa ndoa ya miaka kumi mimi ningechukua machweo, nani ataamka saa kumi na mbili likizo? Lakini hayo ni yangu.

Sasa elfu themanini. Neno "chumba cha bahari" lina ukoo mkubwa. Kuna kinachoitazama bahari uso kwa uso, kuna cha ubavuni, ambapo inabidi usimame kwenye kona ya baraza ushike nguzo ndo uone kipande cha buluu katikati ya mnazi na tangi la maji, na vyote vinaweza kuuzwa kwa jina linalokaribiana. Usiulize kama kina bahari, watasema kipo. Uliza hivi: "Nikiwa nimelala kitandani naiona?" Kisha ghorofa ya ngapi, na waombe wakutumie WhatsApp picha iliyopigwa kutoka kwenye chumba cha aina hiyo, siyo ile ya tangazo. Wakituma picha yenye kitanda na bahari kwa pamoja, lipa elfu themanini yako kwa roho safi. Wakizungukazunguka, bahari yako ipo kule mgahawani na bwawani bure, hela hiyo ya siku mbili, laki moja na sitini, kuleni chakula cha jioni kizuri.

Na fikiria saa. Bahari ya Masaki usiku ni giza, ukishapita saa moja jioni unachonunua ni sauti ya mawimbi, na ukifunga kioo kwa ajili ya kiyoyozi hata hiyo hamna. Tofauti ni hoteli za mjini kule Kivukoni, kama ile Kilimanjaro ambayo siku hizi ni Hyatt Regency, hapo unatazama bandari, hakuna kuogelea baharini ila mwonekano haulali: pantoni linakwenda na kurudi Kigamboni, meli zina taa, asubuhi boti za Zanzibar zinapiga honi na sokoni Feri wameshaanza kunadi samaki. Mwanamke anayependa kukaa dirishani na kikombe cha chai atafurahi kuliko ufukweni. Tena hoteli za mjini wateja wao ni wa kikazi, wikiendi zinapwaya, ndo wakati wa kuomba bei, wakati za ufukweni wikiendi ndo zimejaa. Kama siku zenu ni Ijumaa na Jumamosi hebu ulizia na huko kabla hujaamua, na kama mnaweza Jumapili na Jumatatu, ufukweni ndo kwenye nafuu.

Mwezi wa kumi na mbili upepo wa kaskazi unaanza, joto kali, mvua za vuli zinaweza kuwa hazijakata. Mvua kubwa ikinyesha usiku usiingie baharini karibu na mjini kesho yake, mito yote ya jiji inamwaga huko na yaliyomo unayajua. Bwawa lipo. Mkitaka maji safi kweli, asubuhi moja pandeni boti ya Bongoyo pale Slipway, ni hifadhi, raia analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, kile kitambulisho kinafanya kazi mara ya pili.

Mambo ya mavazi usihangaike nayo, nguo safi inatosha, na ukivaa kaptura kwenye kifungua kinywa hakuna atakayekuangalia. Kile kifriji cha chumbani kiache, soda yake ni mara tatu ya bei ya dukani. Kuingia chumbani kwa kawaida ni saa nane mchana, mkiwahi mabegi yanapokelewa mnakaa bwawani. Ukisikia unataka kusema kwamba ni kumbukumbu ya ndoa, sema, tena sema wakati wa kubuki siyo siku ya kufika, maana asubuhi tunapogawa vyumba tunapitia yale maelezo, na kwenye vyumba ishirini vya bei moja kuna vitatu ambavyo ni vizuri kuliko vingine, vinaenda kwa watu walioandikiwa kitu.

Hizo simu zote usipige saa nne hadi saa sita mchana, watu wanatoka, wala saa nane hadi kumi, wanaingia, utajibiwa mkatomkato. Piga saa mbili usiku katikati ya wiki, mpokezi ameshakula, risepsheni kimya, atakutajia mpaka namba ya chumba.